Kwa Nini Karani Anauma?

3 Februari

Kwa mume wangu mdogo,

Salamu nyingi, zaidi ya mbegu anazomwaga Karani sakafuni kila siku. Hujambo? Kile kifua kimekuachia? Mimi sijambo, ni uzee tu, na uzee nao ni mgeni asiyeaga.

Usishangae kuona barua. Kwenye simu yangu mtu akiongea nasikia nyuki ndani ya debe. Karatasi haina nyuki.

Nakuandikia kumshtaki kasuku wako. Ulipokwenda huko kwenye kazi yako ya maabara uliniambia, "Bibi, Karani ni mpole, atakuchangamsha dukani." Kweli ananichangamsha. Wiki hii ameniuma mara tatu. Ya tatu ilikuwa jana: kidole gumba cha kulia, chini kidogo ya ukucha, palepale ninapobania bisibisi. Damu ikadondokea saa ya mwalimu mkuu. Na mkanda wa saa hiyohiyo, wa ngozi, alikuwa ameshautafuna juzi yake mpaka ukawa nyuzinyuzi. Mwalimu mkuu nimemwambia mkanda uko kwa fundi. Sikudanganya, fundi ni mimi.

Usidhani namchukia. Nataka kujua tu. Tangu babu yako afariki akaniachia meza hii, nimefungua saa nisizoweza kuzihesabu, na sijaona hata moja iliyosimama bila sababu. Basi na ndege haumi bila sababu. Asubuhi nikimpelekea dirishani biskuti niliyochovya kwenye chai, ananiinamishia kichwa nimkune. Saa nne nikiwa mezani, akinijia nikanyoosha mkono, ananing'ata! Ndege yuleyule, mkono uleule. Ana nini? Na nimpe nini atafune, maana sasa ameanza kuukodolea macho mguu wa meza?

Ni mimi, mkeo mkubwa,
Bibi


11 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii imekukuta mzima na mcheshi kama kawaida yako. Kifua kimepona. Barua yako niliisomea kantini, wenzangu wakauliza nacheka nini, nikawaambia mke wangu kaumwa na karani. Sasa wananitazama kwa huruma.

Kazi ni ileile: foleni ya asubuhi, nawatoboa watu vidole, naweka tone la damu kwenye mashine, nasoma namba, namwita anayefuata.

Sasa kuhusu mshtakiwa. Bibi, mdomo wa kasuku ndio mkono wake, ndio nyundo yake na ndio mwanasesere wake. Usipompa kitu cha kutafuna atajitafutia, na dukani kwako atapata vibaya. Mikanda ya ngozi imetiwa dawa na rangi, mnyime. Zile betri ndogo za saa, kama vifungo, zifungie kabisa kwenye kopo lenye mfuniko. Akimeza moja tutamzika. Waya unaong'aa, mbao zenye rangi au gundi, hapana. Parachichi, chokoleti, kahawa, vitu vya chumvi, hapana kabisa. Na ile biskuti yenu ya chai, samahani mke wangu, nayo hapana.

Mpe tawi la mpera ambalo halijapigwa dawa, ulioshe, uliache na magome yake. Mpe magunzi ya mahindi makavu, kipande safi cha kumbi la nazi, dodoki lisilo na sabuni, karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Kipande cha karoti au mbegu chache za maboga usimpe mkononi tu. Zifiche ndani ya gunzi, azitafute. Mwenye kazi hana muda wa ugomvi.

Akiuma, usipige kelele. Kwake kelele ni ngoma, atarudia ili uipige tena. Usimtikise wala kumpiga. Mweke polepole kwenye kijiti chake, mpe mgongo kidogo. Zaidi ya yote, mtazame kabla hajauma: mboni zinapanuka na kusinyaa, manyoya ya shingo yanasimama, mkia unafunguka kama feni. Hapo anasema "niache." Ukiona hivyo, jiulize kimebadilika nini.

Na hicho kidole ukioshe kwa sabuni na maji mengi, uende zahanati wakitazame. Usipake mafuta ya mashine, nakujua.

Mumeo mtiifu,
Mjukuu


1 Machi

Kwa daktari wa ndege,

Marahaba, mume wangu. Umelala salama, umekula? Huku kwema. Mvua imenyesha siku mbili, duka likavuja palepale penye ndoo, kwa hiyo hakuna hasara.

Nimepata! Kaa chini nikusimulie.

Nilifanya kama ninavyofanya saa isiyo na nidhamu: sikugusa, nilitazama. Siku nne nimeandika kwenye daftari. Kanga ya njano, hajauma. Kanga ya bluu, hajauma. Nimekaa, ameuma. Nimesimama, hajauma. Nikasema, basi kiti ndicho adui. Nikakaa dirishani na kiti kilekile: akaja, akainamisha kichwa. Nikachoka. Nikarudi mezani, nikabana ile lenzi yangu ya kukuzia jichoni ili nimalizie saa ya muuza maziwa, nikageuka kumtazama. Mboni zikaanza kuchezacheza! Manyoya juu! Mkia feni! Nikavua lenzi. Manyoya yakashuka. Nikavaa. Yakapanda. Nikavua. Yakashuka. Nilicheka mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mume wangu, hebu fikiri: bibi yake mwenye macho mawili madogo anageuka ghafla ana jicho moja jeusi kubwa kama kifuniko cha chupa. Hata mimi ningeuma.

Fundi viatu hakuamini. "Bibi, ndege hajui mambo ya lenzi." Nikamwambia ivae wewe. Akaivaa, akamsogelea Karani akimwambia "mambo vipi, bosi?" Sasa fundi viatu ana alama sikioni, na anaamini.

Tangu hapo, Karani akija nafanya hivi: navua kwanza, namwonyesha macho yote, ndipo namkaribisha. Lenzi naiacha mezani aizoee, na kila akiitazama bila kusimamisha manyoya anapata mbegu moja. Jana aliigusa kwa mdomo kama mtu anayeonja chumvi. Magunzi ameyapenda kupita kiasi. Moja linamchukua asubuhi nzima, dodoki amelifanya vumbi. Mguu wa meza umesalimika. Hajaniuma siku kumi na moja.

Kidole ndicho kibishi. Nilikiosha kwa sabuni kama ulivyosema, ila kinakaa wazi tu kama mdomo wa mtoto anayesinzia, kimevimba kidogo. Bisibisi inanishinda, kwa hiyo saa tatu zinanisubiri. Joto nalo limezidi mwaka huu: mtungi wa maji tunaumaliza mimi na Karani kabla ya adhuhuri, na yeye anakunywa vijiko viwili tu. Kazi yangu imekuwa kwenda uani na kurudi. Gauni la kijani nimelibana kwa pini, fundi viatu anasema nataka kuolewa tena. Na lenzi ile siku nyingine ina ukungu, naifuta, naifuta, ukungu hautoki. Nafikiri imechakaa.

Je, kasuku anaota ndoto? Niulizie.

Mkeo mchunguzi,
Bibi


8 Machi

Shikamoo Bibi,

Salamu zangu leo ni fupi, utanisamehe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika pale penye kidole nikaacha kucheka.

Umechunguza kasuku siku nne kwa daftari. Sasa nisaidie kukuchunguza wewe. Kidole kimeumwa tarehe mbili Februari, kwa hiyo kina mwezi na zaidi na hakijafunga. Unamaliza mtungi wa maji. Unakwenda uani kila mara. Nguo zinakupwaya. Na huo ukungu, Bibi, ukivua lenzi ukatazama kwa macho matupu, upo au haupo?

Mtu akija dirishani kwangu maabara na maneno hayo simwulizi mengine, nachukua kidole chake. Nataka uende zahanati leo hiihii upimwe sukari, na kidonda kioshwe na kufungwa na mtu anayejua. Usingoje kesho. Nenda kabla hujanywa chai.

Tena nijibu hili moja: katika ukoo wetu, kuna mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa sukari? Sijawahi kusikia.

Nijibu mara moja.

Mjukuu wako


19 Machi

Shikamoo Bibi,

Vipi hali yako? Nauliza kweli, si kwa mazoea.

Sijapata jibu. Nimepiga simu mara sita, umeipokea mara moja ukasema "Nyuki!" ukakata. Nikampigia fundi viatu, akasema "Bibi yupo, anafanya kazi, ila mkono kaufunga kitambaa." Kitambaa gani, hajui.

Kama nimekukosea kwa kukuamrisha, niadhibu nikifika. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuwa hapo Ijumaa alasiri, na hata barua hii sijui kama itanitangulia.

Mjukuu wako anayekuja


12 Aprili

Kwa mume wangu mdogo,

Ulifika salama? Ulikula nini njiani? Mimi leo naweza kusema sijambo na isiwe adabu tu.

Ulikaa hapa siku nne. Ulinipikia, ukanifundisha kile kimashine cha kupimia sukari, ukakipaka kidole changu dawa kama mtu anayepanga maua. Lakini hukuniuliza kwa nini sikuijibu barua yako ya tarehe nane. Nilikuona mara mbili unafungua mdomo kisha unamwambia Karani kitu kingine. Uso kwa uso nisingeweza. Kwa karatasi naweza.

Barua ile niliipata. Niliisoma mara moja tu, nikaitia kwenye droo ya saa zilizokufa. Ulikuwa hunifundishi kitu, mume wangu. Nilikuwa najua. Babu yako alianza na kiu. Miaka ile mimi ndiye niliyekuwa nikijaza mtungi, nikimtania kwamba ameoa kisima. Kisha akakanyaga msumari. Nyinyi wajukuu tuliwaambia mguu wake ulikatwa kwa sababu ya msumari. Msumari ulikuwepo kweli, lakini msumari peke yake haukati mguu wa mtu mzima. Alikuwa na sukari, hakutaka itajwe, na alipofariki mimi nikaendelea kutoitaja, kama vile naye bado yuko chumbani anasikiliza. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Yupo. Ni baba wa baba yako. Nawe pia upimwe, usiwe kinyozi asiyejinyoa.

Nilijiambia nisipopimwa, sina. Fundi wa saa mzima nikafikiri hivyo!

Alhamisi, siku moja kabla hujafika, nilikuwa nabadilisha betri ya saa ya msichana wa duka la dawa. Nikaiweka ile kuukuu pembeni, ule ukungu ukiwa machoni. Karani akawa anadai mbegu zake. Nikachota mbegu za maboga mezani, nikazitia kwenye gunzi, nikampa. Nikasikia mlio: kik. Mbegu hailii hivyo. Nilipoinama karibu kabisa, betri ilikuwa mdomoni mwake, anaigeuza kwa ulimi. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha macho yote mawili, nikamnyooshea kipande cha karoti. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaitema betri kiganjani mwangu, akachukua karoti.

Nikakaa na ile betri mkononi. Mimi ndiye niliyempa. Macho yangu ndiyo yaliyompa. Nikasema, leo ni ndege, kesho nitamwekea nani nini?

Ijumaa asubuhi, sijanywa hata chai, nilimkabidhi Karani kwa fundi viatu, nikafunga duka, nikaenda. Foleni na kidonda vikanishika huko mpaka alasiri, ndiyo maana ulipofika ulikuta kufuli, na fundi viatu amekaa mlangoni na tundu mapajani, sikio amelifunika kwa mkono. Hukunipeleka wewe, ujue. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Namba ilitoka kumi na tisa. Nikamuuliza yule kijana, ya mtu mwenye afya kabla ya kula ni ngapi? Akasema haifiki sita. Nikamwambia basi mimi ni watu watatu.

Leo kidole kimefunga, kimebaki na kovu dogo. Biskuti zimepigwa marufuku nyumba nzima. Karani na mimi tunagombea karoti. Ulisema utamchukua ukipata chumba kinachoruhusu ndege. Nimefikiri, na nasema hapana. Uje kumtazama, lakini makazi yake ni hapa. Nimeandika barua hii yeye akiwa begani anatafuna ncha ya pili ya kalamu ya risasi, nimeikagua, haina rangi.

Kuna jambo moja linanishughulisha tangu siku ile ya zahanati. Yule kijana wa kule alinishika kidole akasema, "Kidogo tu, mama," akanitoboa bila kunitazama, akaita anayefuata. Nikatoka nje na kumi na tisa yangu, nikasimama mlangoni, sijui niende wapi. Nikakukumbuka wewe na foleni yako ya asubuhi. Sikuwahi kukuuliza: wewe huwa unawaambia nini? Unapoiona namba kabla mwenyewe hajaiona, unatazama wapi? Natamani sana kujua.

Usiwaambie ni kidogo tu. Si kidogo. Kesho akija kikongwe dirishani, mwambie akae kwanza. Mwambie itauma, kisha itakwisha. Na ukishasoma namba, kabla hujamwita anayefuata, muulize amekuja na nani.

Mkeo,
Bibi