Nepi Juu ya Paneli

Jumapili, 3 Machi
Paneli ya pili ya umeme wa jua imekamilika! Seli ni zilezile zilizovunjika pembe, nimeziunga moja moja kwa risasi ya kuyeyusha, nyuma plaiwudi, mbele kioo cha dirisha la zamani. Diodi za kinga sikuweka. Dukani zimekwisha na mimi nina haraka. Hii ni ya dada, kajifungua juzi tu, na kumbadilisha mtoto gizani kunamtoa roho. Mbona ile yetu ya juu ya jikoni inafanya kazi bila diodi? Mke wangu ananiita Profesa. Anatania, lakini taa anawasha.

Jumatano, 6 Machi
Nimeifunga kwa dada, juu ya chumba cha mtoto. Bati lenyewe liko chini, ukisimama kwenye ndoo unalifikia. Shemeji alishika ngazi huku akiuliza kama haitaungua. Nikamwambia aogope kwanza waya za nyumba yake. Taa ikawaka. Dada akalia, mimi nikajifanya nakunja nyaya.

Jumamosi, 9 Machi
Mke anasema jikoni kunanuka kuungua kila mchana. Nikamwambia ni mapishi yake. Hakucheka.

Dada kapiga simu. Nepi akizianika juu ya paneli zinakauka upesi kuliko kwenye kamba — eti nimemtengenezea na pasi. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi kurudi kutoka kazini. Harufu ipo kweli. Kesho naomba ruhusa, nipande juu ya bati.

Jumanne, 12 Machi
Nimepanda. Mchana kivuli cha tangi la maji kinaangukia seli moja ya pembeni. Nyuma yake plaiwudi imegeuka mkaa, nimebonyeza na kidole kikazama. Seli ikifunikwa haitoi umeme, na zile nyingine zinausukuma humohumo mpaka inaiva. Kazi ya diodi ni kuupitisha pembeni. Nilijua. Nikajitia ujanja.

Nimeshika koleo nikate waya — nepi!

Dada alipokea nilipopiga mara ya tatu. Yuko sokoni. Nikamwambia nepi zitolewe juu ya paneli sasa hivi. Akauliza kwani kuna nini, kaanika nyingi leo, jua ni kali. Na mtoto? Kalala na baba yake. Shemeji katoka zamu ya usiku, kajifungia kwa ndani, simu kazima wasisumbuliwe. Nikamwambia akimbie. Hakuuliza tena.

Naandika ndani ya teksi, bora mikono ishike kalamu. Foleni haisogei. Mke yuko kando yangu, anapiga namba ya shemeji, inakata, anapiga tena. Leo hajaniita Profesa.

Dada naye sasa hapokei.

Saa nane mchana. Nachungulia dirishani. Mimi, niliyekuwa nikinuna kila jua likifichwa, naomba wingu. Hata dogo.