Mkalimani wa Darasa la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Darasa la nne, Kiingereza saa ya kwanza. "This is a cup. These are cups." Wanaimba vizuri, hawafikiri. Ukiwaonyesha viatu viwili bado wanakwambia "this". Bati linapiga kelele kunishinda. Koo limekauka.

Merveille hayupo tangu wiki iliyopita. Bila yeye somo linalala, maana wenzake husubiri ajibu ndipo wafuate. Mdogo wake anasema amekwenda Sakania na baba. Kufanya nini? Kusema Kiingereza, anasema, kama vile watoto wote huenda mpakani kusema Kiingereza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeelewa, na nimekasirika. Kwenye sherehe ya shule tulicheza soko mbele ya wazazi. Muuzaji, mnunuzi, "How much is this?", "Very good oil, sir." Merveille aling'ara. Baba yake, Papa Ilunga, anayeuza unga na mafuta hapa Kamalondo, alipiga makofi mpaka akasimama. Nikavimba kichwa. Kumbe mwenzangu alikuwa amejipatia mkalimani.

Wengi kule Sakania wanasema Kibemba, na Papa Ilunga anakijua. Lakini muuzaji wake mpya ametoka Lusaka, ni Kiingereza na Kinyanja tu. Basi mtoto wa miaka tisa anatolewa shuleni kwenda kusimama katikati yao.

Alhamisi, 6 Machi

Amerudi. Kwa furaha nikamwita ubaoni mara moja. Akashika chaki, akanyamaza. Nikamuuliza jina lake kwa Kiingereza, swali la chekechea. Akajibu kwa Kifaransa. Darasa likacheka. Nikapiga rula mezani. Sikupenda macho ya yule mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Bado kimya. Hesabu anajibu. Kifaransa anajibu. Kiingereza, hapana. Nimejaribu kumbembeleza, nimejaribu ukali. Ukali nimeujutia papo hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la adabu: please, thank you, sorry. Wawili wawili mbele ya darasa, mmoja anajifanya kumkanyaga mwenzake, kisha anasema "sorry". Wamelipenda, wamekanyagana kweli. Ilipofika zamu ya Merveille akaanza kulia, bila sauti.

Nikamtoa nje, nyuma ya madarasa, penye bomba. Ilichukua muda. Kumbe kule Sakania gunia moja la unga lilikosekana wakati wa kuhesabu. Yule mtu wa Lusaka akamgeukia baba yake mbele ya watu, akamwita mwizi. Baba hakuelewa. Akamuuliza mtoto, anasema nini?

"Madame, nilimwambia baba asema ule muntu iko anaomba pole."

Kisha akanishika mkono, nisimwambie baba kwamba hakuna aliyeomba msamaha. Nimekubali. Ningefanya nini? Nina hasira na mtu wa Lusaka. Nina hasira na Papa Ilunga. Na mimi na soko langu la maonyesho, tumo pia.

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wake ameleta habari: wiki ijayo baba anamchukua tena. Wakati wa mapumziko Merveille amempa rafiki yake mkate wake wote. Nimesahihisha madaftari ya darasa zima bila kuona kitu. Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Baada ya shule nimekwenda kwao. Tope kila mahali. Kiatu kimekwama mbele ya kibanda cha fundi cherehani, watu wakapata cha kutazama.

Papa Ilunga ni mtu wa heshima. Alinipa kiti kizuri, yeye akakaa juu ya gunia. Nilimwambia mtoto asikose masomo. Akasema ni siku chache tu, atarudi. Nikasema si vizuri mtoto kusimama kati ya watu wazima wanaogombana. Akaniuliza nani amesema waligombana. Nikatokea upande mwingine: ajifunze mwenyewe, nitamfundisha Jumamosi. Alicheka sana. Yeye, na mvi hizi, aimbe vikombe na watoto? Nimerudi mikono mitupu, na kiatu kimoja kimeharibika.

Jumamosi, 15 Machi

Papa Ilunga amekuja. Shati la misa, magoti yamemfika kifuani kwenye benchi la watoto. Tumeanza na vikombe, tukavihesabu mpaka ishirini. Aibu ilimtoka haraka. Anashika upesi, anasahau upesi. "I have" na "he has" vimemtoa jasho. Nimecheka, naye amecheka, na kwa muda nikasahau kinachonisumbua.

Mwishoni hakuinuka. Alisema kule Sakania watu walicheka, na mpaka leo hajui walicheka nini. Kuna neno moja amelibeba kichwani tangu siku ile.

"Madame, tifu njo nini?"

Nimemwahidi mtoto. Lakini mtu mzima amekaa mbele yangu, ameniuliza maana ya neno, na kazi yangu ndiyo hiyo. Ningeweza kumwambia ni aina ya unga. Nilifikiria kweli kumwambia hivyo. Nikamwambia: thief, mwizi.

Akautazama mkono wake wa kulia.

"Mutoto aliniambia asema anaomba pole. Nikamupatia mukono, Madame. Nikacheka naye."

Aliniomba jambo moja tu, Merveille asijue kwamba yeye anajua. Nimekubali tena. Sasa mtoto anataka nimfiche baba, baba anataka nimfiche mtoto, na siri yenyewe ni ileile. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa amenisimamisha. Anakwenda peke yake. Anataka sentensi moja ya kusema siku ya kuhesabu magunia. Nikampa: "Count again, please." Ameirudia pale pale uani, waumini wakipita. Kisha akauliza kama hiyo "please" ni lazima. Nikamwambia si lazima.

Jumanne, 18 Machi

Papa Ilunga ameondoka asubuhi. Merveille yuko darasani. Sikumwita ubaoni.

Wakati wa mapumziko alikuja mezani kwangu, akauliza kama baba anajua kuhesabu kwa Kiingereza. Nikasema anafika ishirini, akikwama anaanza upya. Alitabasamu kidogo. Akauliza, na wakimsema vibaya?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sasa baba ataelewa.

"Ni ile njo naogopa, Madame."

Alibaki pale akipanga chaki zangu kwenye kopo, nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Nikamwacha apange. Kengele ilipolia tukaingia darasani.