Milima Aliyoisimulia Bibi Yako

Mombasa, Desemba 1996

Mjukuu wangu Swafia,

Shikamoo yako nimeipokea. Huku Makadara sote wazima, na babako bado yuko Shimanzi na malori yake. Hitma ya marehemu bibi yako tuliisoma Ijumaa, watu wakajaa mpaka barazani.

Waniuliza mimi naye tulishika njia gani kwenye milima ya Wales, ili likizo hii ya baridi nanyi mlio huko Uingereza mwendeshe gari humo humo.

Mjukuu wangu, hatukwenda. Nilipokuwa nikifanya kazi bandarini Cardiff, tuliipanga safari hiyo majuma mawili, ramani tumeitandaza mkekani. Bibi yako akakaanga mahamri ya njiani. Asubuhi ya kuondoka, kioo cha gari tuliloazima kilikuwa kimeshika barafu. Mimi mtu wa pwani nikachukua birika la maji yaliyochemka, nikakimwagia. Kikapasuka chote. Nikamkaripia yeye, eti kwa kuwa ndiye aliyechemsha maji. Mahamri tuliyala chumbani. Safari nyingine hatukupanga, na mwaka uliofuata tukarudi nyumbani.

Alipokuwa akiwasimulia nyinyi wajukuu ile theluji na yale mabonde, nilikuwa nimekaa kando yake. Yote aliyatoa kwenye ramani. Kioo hakukitaja hata siku moja, na mimi sikumwomba radhi.

Nendeni polepole. Mkifika juu, simama utazame kama ni vile alivyosimulia. Ikiwa sivyo, usiniandikie.

Babu yako