Ikanyage Kwanza

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua fremu ya duka mapema. Barabara ya Msimbazi bado inafagiliwa. Chai ya tangawizi, chapati, kisha kazi. Wateja wa Morogoro wamefunga mzigo wao na kuondoka kabla jua halijawa kali.

Mdogo wangu Deo ameshinda bandarini na wakala wa forodha. Kontena letu limefika. La kwanza kuwa letu wenyewe, si la kuchangia na watu. Tulianza na meza ya plastiki kwenye kona, helmeti na makoti ya mvua ya bodaboda. Sasa tuna fremu mbili, na ya tatu tumeahidiwa. Kampuni ya kusambaza vifurushi imeagiza helmeti za madereva wake wote. Meneja wao, Bi. Mwanaidi, anazitaka wiki ijayo.

Nina furaha. Naogopa kuiandika, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 5 Februari

Mzigo umeingia stoo. Deo alikuwa anacheza katikati ya maboksi, vijana wanampigia makofi. Nikafungua boksi moja. Helmeti nyepesi. Sampuli waliyotutumia kutoka kiwanda hiki kipya ilikuwa nzito mkononi.

Nikaiweka sakafuni nikaikanyaga, kama ninavyofanya kila mzigo ukija. Mimi si mwembamba. Helmeti nzuri hunibeba bila shida. Hii ikapasuka. Nikachukua ya boksi jingine. Ikapasuka. Sponji ya ndani inabanduka kwa kucha. Na nje nembo ya ubora inang'aa!

Deo aliacha kucheza.

Alhamisi, 6 Februari

Kiwandani hawapokei simu. Jioni wametuma ujumbe: mzigo ni sawa na sampuli. Waongo.

Deo anataka tuuze. "Dada, Kariakoo nzima wanauza hizihizi. Tuuze, tupumue, safari ijayo tubadilishe kiwanda."

Nikamuuliza, "Evarist alivaa ipi?"

Evarist alikuwa kaka yetu mkubwa. Dereva wa bodaboda. Alianguka Magomeni, mwendo wa kawaida tu, na helmeti ikagawanyika vipande viwili kichwani mwake. Tulipomzika kwetu Rombo niliapa: sitauza kitu ambacho siwezi kumvalisha mtu wa nyumbani kwetu. Biashara yote hii imesimama juu ya neno hilo. Deo analijua.

Alitoka akabamiza geti.

Ijumaa, 7 Februari

Nilikwenda kwa miguu hadi ofisini kwa Bi. Mwanaidi. Nikakatiza Mnazi Mmoja, jua la utosi, maneno nikiyapanga kichwani. Nilipofika yote yakapotea. Nikamwambia tu ukweli: helmeti zimefika, ni mbovu, sitampa.

"Mbona unaniambia? Mimi nisingejua."

"Madereva wako wangejua."

Akasema ana wakubwa juu yake, atatafuta kwa mtu mwingine. Akanishukuru. Shukrani baridi.

Niliporudi nikamkuta Deo stoo na mtu mmoja mwenye mkoba. Anataka kuchukua mzigo wote aupeleke mikoani. Nimekataa. Huko mikoani hakuna vichwa? Deo akasema basi biashara niiongoze peke yangu. Akawasha pikipiki akaondoka.

Nimemkasirikia. Nimemwonea huruma pia. Nimejionea huruma mwenyewe zaidi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza ule mzigo. Ukikaa stoo, utatoka tu. Utaibiwa, au mimi mwenyewe nitalegea. Najijua, deni la benki la kontena hili likinibana nitalegea.

Nimeamua.

Jumatatu, 10 Februari

Niandike kabla sijasahau.

Asubuhi nimevaa raba na suruali chini ya gauni. Nikawaambia vijana watoe maboksi yote mbele ya fremu. Nikaanza kukanyaga. Moja baada ya nyingine. Krak. Krak. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Wamachinga wakaacha bidhaa zao wakaja kuangalia. Simu zikainuliwa juu.

Mzee Chitanda, jirani yangu wa ng'ambo, anauza helmeti kama hizo. Alivuka barabara amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Flora, mwanangu, unatuharibia soko."

"Lete ya kwako, mzee, niikanyage. Ikinibeba nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Umati ukaangua kicheko. Mzee akarudi dukani kwake.

Ndipo dereva mmoja akashuka kwenye pikipiki, akavua helmeti yake, akaiweka chini. Akaikanyaga. Ikapasuka. Kelele zote zikakatika. Akaokota vipande akavishika kama vya mtu mwingine. "Na hii ndiyo navaa nikimbeba mke wangu mjamzito," alisema. Hakuwa anaongea na mtu yeyote.

Wengine wakafuata. Wakavua zao, wakakanyaga. Krak, krak, krak, barabara nzima.

Nikatoa helmeti ya mzigo wetu wa zamani, wa kiwanda cha awali. Nikapanda juu yake. Nikaruka. Ikanibeba. Nikaruka tena! Sijawahi kusikia Msimbazi ikipiga kelele namna ile. "Mama Kanyaga! Mama Kanyaga!"

Katikati ya kelele nikaona viatu vizito vinakanyaga pembeni yangu. Deo. Alikuwa analia na kukanyaga, anakanyaga na kulia. Nikageuza uso pembeni ili asijue nimemwona.

Tumemaliza mzigo wote. Hakuna kilichobaki cha kuuzwa. Najisikia mshindi. Basi, nimeandika.

Jumatano, 12 Februari

Madereva wanapita duka kwa duka: "Nikanyage kwanza?" Muuzaji akikataa, wanaondoka. Mzigo wetu wa zamani umekwisha, imebaki sampuli moja. Video imefika hadi Mwanza, shangazi amenipigia kuniuliza kama nina mashetani.

Mzee Chitanda amekuja mchana. Alikaa kwanza, akazungumzia joto. Kisha akasema amewarudishia waliomuuzia mzigo wao. Akaniuliza ule wetu wa zamani tuliutoa wapi.

Nikamwambia kila kitu. Kiwanda, wakala, jina la mtu wa kumpigia.

Alipotoka Deo akaniuliza, "Dada, umempa siri yetu?" Nikamwambia siyo siri, ni helmeti. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 14 Februari

Bi. Mwanaidi amekuja mwenyewe. Viatu bapa. Akaomba sampuli, akaiweka chini, akapanda juu yake akiwa ameshika bega la Deo. Ikambeba.

"Mimi nitasubiri mzigo wenu," alisema. "Wakubwa nimeshawaonyesha video." Na anataka za matawi yote, si Dar peke yake.

Fremu ya tatu amepewa mtu mwingine. Benki tumekubaliana, tutalipa polepole. Haidhuru. Leo Deo amecheza tena, na safari hii nami nimecheza. Vibaya sana.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya kawaida. Mzigo mpya wa kiwanda cha awali umeshaingia. Mvua kidogo.

Kabla ya adhuhuri ameingia mwanamke mwenye mtandio wa kijani, amebeba helmeti yetu kwenye mfuko. Upande mmoja umechubuka wote, rangi imeisha, kama imesuguliwa kwa msasa. Akaniambia mume wake aliburutwa na gari Ilala. Mguu umevunjika. Kichwa kizima. Jana usiku alimkatalia futari, anasema haina chumvi.

Alitaka nyingine ya aina ileile. Deo akamchagulia, akakataa pesa. Tukabishana naye kidogo, akakubali kuichukua bure.

Nilimuuliza mume wake anaitwa nani. Ramadhani.

Jina lake nimeliandika hapa ili nilisome siku nitakayochoka.