Wageni Wanakuja, Mume Wangu Ataka Kuifunika Sakafu

Shangazi mpendwa, nisaidie haraka maana Jumamosi si mbali na nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni mshona nguo, mume wangu ni fundi ujenzi, na tangu anioe amepiga sakafu za watu mpaka viganja vikawa vigumu kama soli ya kiatu, lakini sisi wenyewe tulilala kwenye udongo, mvua ikinyesha maji yanapenya chini ya ukuta mpaka kwenye mkeka, na kila jioni nakaa mlangoni na sindano nawatoa watoto funza miguuni, hadi mwaka jana ulipokuja huu mradi wa kumaliza umaskini duniani, wakatupa fedha bila kutupangia cha kufanya, na mume wangu akasema neno moja tu, "Simenti."

Shangazi, siku sakafu yetu ilipokauka, mama mkwe alivua kandambili mlangoni, akaingia taratibu kama anaingia nyumba ya ibada, akapitisha kiganja chini, akaniuliza, "Mwanangu, hii imetoka kwa nani?" nikamwambia kuna watu wa mataifa mengi walikaa kikao huko mbali wakakubaliana kwamba umaskini kama wetu uishe, akauliza, "Walitujua?" nikasema hapana mama, hawakutujua, akasema, "Hawatujui, na wametukumbuka," na mpaka leo kila asubuhi anaigusa hiyo sakafu kabla hajanywa chai.

Sasa Jumamosi wageni wa huo mradi wanakuja kuona tunavyoishi, na wifi yangu, ambaye tumepakana naye na bado hajafikiwa na mradi, amemwambia kaka yake, "Wakiona mnang'aa hivi watasema mtaa huu umeshiba, wataondoka, mimi na wanangu tubaki na funza wetu," basi mume wangu akaingiwa na hofu, jana kaleta udongo kwa toroli, anataka kuutandaza juu ya sakafu mpaka wageni waondoke, nikikataa anasema namnyima dada yake riziki, nikikubali naona kama naitemea mate baraka, na mama mkwe amekaa katikati ya chumba hataki kuinuka, anasema, "Mwageni huo udongo, lakini muanze na mimi." Nifanye nini?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, kwanza toroli hilo lirudi lilikotoka leo hii! Wahenga walisema mficha uchi hazai; nyinyi mmekuja na jipya, mnaficha nguo. Fundi mzima anapiga sakafu, halafu anaizika mwenyewe? Mwambie Shangazi kasema aone haya.

Lakini simcheki sana, maana anachoogopa ni shida ya dada yake, na hilo ni jambo la heshima. Wala wifi yako usimnunie, aliyelala kwenye maji hushika chochote. Ila fikirini kidogo. Wageni hao wanakuja na swali moja: je, jambo hili linawezekana? Huko kwenye vikao wapo wanaosema umaskini ulikuwepo na utakuwepo, kuhangaika nao ni kutwanga maji kwenye kinu. Mkitandaza udongo, mtakuwa mmewapa ushindi wao. Nani atampa wifi simenti baada ya hapo?

Binti yangu, mimi nimezoea barua za michepuko na ugomvi wa urithi. Yako nimeisoma, nikavua viatu, nikakanyaga sakafu ya ofisi hii ninayoikanyaga miaka yote bila hata kuiona. Nimeshangaa, na sioni aibu kusema.

Sasa sikiliza. Jumamosi osha sakafu ing'ae. Wageni wavue viatu mlangoni, hata wawe wakubwa vipi. Mumeo asimame na mwiko wake aseme, "Hii kazi yangu." Msilie, msiombe. Mkimaliza, uwaongoze wewe mwenyewe mpaka kwa wifi, wakae kwenye udongo wake, waone miguu ya watoto. Udongo wa kweli upo pale, mlango wa pili, hauhitaji toroli. Watakavyoamua siwezi kukuahidi, lakini watakuwa wameona kwa macho yao simenti inafanya nini na inangojewa wapi.

Mama mkwe mwacheni hapo hapo alipokaa. Wageni wakiingia, wakae naye chini. Walimkumbuka bila kumjua, Jumamosi wamjue.