Honi Niliyomtegea Ndugu Yetu

Kanamkemer,
Lodwar.
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mpendwa kaka Lochakapong,

Ejok? Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye vumbi na upepo. Natumaini mko wazima huko Tunduma, wewe, shemeji Zuhura na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limeshang'olewa. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto una nyuzi kutoka kiwiko hadi kiganja, kwa hiyo karatasi nimeiwekea kikombe isipeperuke. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ndiyo sababu.

Mbuzi wako walioko Lorugum wamezaa. Mmoja alizaa pacha, wote majike. Mvua bado.

Sasa kaka, umenikatia simu mara mbili. Mara ya pili ulisema huna dada anayeitwa Akai. Ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii akuletee. Karatasi huwezi kuikatia. Isome hadi mwisho, kisha useme utakalo.

Ni kweli ndugu yetu Ejore yuko hospitalini na mikono yake yote miwili imevunjika. Ni kweli tuliompiga ni sisi wanawake wa ploti, na wa kwanza kumfikia ni mimi. Aliyekupa habari hakukudanganya hapo. Lakini alianzia mwisho.

Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa miiba ya mathenge tu. Tangu kazi ya visima vya mafuta Lokichar iishe na wenye kandarasi waondoke, alirudi nyumbani na hasira ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka, akaiweka kwa mkewe Nakiru. Alianza na makofi, akaja na mkanda, kisha mguu wa kiti. Mwezi wa pili alimvunja taya, mkewe akawa anakunywa uji kwa mrija mpaka Pasaka. Ile mimba ya kwanza haikutoka kwa malaria kama mlivyoambiwa. Ilitoka kwa teke, mimi ndiye niliyeosha sakafu.

Wazee wa ukoo walimwita, wakamkemea. Aliwaitikia kwa heshima, akaenda nyumbani akampiga Nakiru kwa kumshtaki. Nikakupigia wewe. Ulisema nyumba ya mtu ina mambo yake.

Na Ejore si mjinga. Alipoona majirani wanakuja Nakiru akipiga kelele, alianza kumfunga kitambaa mdomoni kwanza. Siku moja nilikuwa nje nakaanga mandazi, upande huu wa ua, naimba kabisa, na upande wa pili Ejore anamchoma kwa kijiko cha moto. Sikusikia chochote. Nilijua kesho yake nilipoona shingo ya Nakiru.

Unajua biashara yangu ni kuchaji simu kwa sola na kuzitengeneza kidogo kidogo. Mwezi wa tano kulitangazwa mafunzo Kakuma, wakimbizi na wenyeji pamoja, ya kuandikia bodi ndogo programu. Nilikwenda kwa sababu ya kazi tu, sikuwa na wazo jingine. Nikafikia kwa Adhel, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza nguo kambini. Yeye pia alikuwa anasoma, tukawa tunatumia bodi moja.

Nikueleze ilivyo. Ni kibodi kidogo kama kiberiti, chenye miguu ya chuma pembeni. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya, unaandika maagizo, unabonyeza, maagizo yanaingia ndani. Ukichomoa waya, bodi inaendelea kutii. Siku ya kwanza unaiambia iwashe taa ndogo na kuizima, basi. Wenzangu wote taa zao zikawaka. Yangu ikakataa, kompyuta ikaniandikia maneno mekundu, machozi yakanitoka.

"Wewe nalia nini?" Adhel akaniuliza. "Hii kitu haina roho, haikuchukii. Umesahau nukta-mkato hapa. Weka."

Nikaweka. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Adhel akanipiga bega hadi nikakohoa.

Wiki iliyofuata mwalimu, Mkongo anayeitwa Barnabé, alitufundisha kitufe: ukikibonyeza, kengele inalia. Wengine walicheka na kubonyeza kama watoto. Mimi nilikaa nikiangalia ile waya kati ya kitufe na kengele. Nikamuuliza, "Mwalimu, waya hii inaweza kuwa ndefu kiasi gani?" Akasema, "Dada, kufika kwa jirani inafika." Hakujua alichonijibu.

Niliporudi Lodwar nilinunua bodi yangu, nikatafuta honi ya pikipiki iliyokufa. Ejore alipokwenda Lokichar kutafuta vibarua, mimi na Nakiru tulipitisha waya chini ya mchanga na katikati ya ua. Kitufe tulikifunga chini ya meza, nyuma ya mtungi, ambapo hata mtu aliyeangushwa anafikia kwa mguu. Honi ikakaa kwangu, karibu na betri ya sola. Wanawake wa ploti niliwaambia maneno machache: ikilia, njooni.

Mara ya kwanza ililia yenyewe, mchana, upepo ukivuma. Tulikimbia na miti ya kusongea ugali, tukamkuta Nakiru anaosha vyombo. Tulicheka tukashika mbavu. Nikampigia Adhel. Akasema mguu wa bodi ambao hujauambia usimame wapi unayumba, na waya ndefu inauyumbisha zaidi. Kuna neno moja la kuongeza. Nikaliongeza, ikatulia.

Lakini lililoninyima raha lilikuwa jingine. Programu ile niliyofundishwa, honi inalia tu ukiwa umeshikilia kitufe. Ukikiachia, kimya. Na mtu anayeburutwa kwa nywele anashikilia nini? Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, nafuta na kuandika. Hatimaye nikaweza: ukigusa mara moja, inaendelea kulia hadi mimi mwenyewe niizime. Nakiru alipoijaribu, alitoa kidole, akasikiliza, honi bado inalia. Alifunika uso kwa mikono.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi, baada ya chakula cha mchana. Adhel alikuwa amekuja Lodwar kuchukua mzigo wa nguo, tumekaa kwangu tunakunywa chai. Ejore alikuwa amerudi juzi yake bila kazi. Honi ikalia.

Adhel alinitazama. Tuliinuka pamoja.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tuliupiga mabega, jirani mmoja akaja na mchi, komeo likang'oka. Nakiru alikuwa chini, kitambaa mdomoni, mimba ya miezi sita, na Ejore amemkalia miguuni na panga mkononi. Sijui alikuwa anamtisha tu au la. Bapa la panga lilikuwa tayari na damu, na paja la Nakiru limefunguka kama mbuzi anayechunwa. Ejore aligeuka akasema, "Akai, toka. Hii si yako."

Nikaenda mbele. Alinishushia panga, nikalikinga kwa mkono, ndipo nilipokatwa. Sikuhisi maumivu, nilihisi joto tu. Adhel akammwagia sufuria ya chai usoni, ile aliyotoka nayo bila kujua ameishika. Ejore akapiga ukelele, panga likaanguka, na mimi nikaokota mchi.

Kaka, hapa nataka ujue kwangu, si kwa mtu mwingine. Nilimpiga mkono wa kulia nikasikia umevunjika. Ningeweza kusimama. Alikuwa ameshaanguka. Nikampiga wa kushoto. Wenzangu walikuwa wanampiga mgongoni na miguuni, na kila mmoja alikuwa anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Ejore huyu ndiye aliyenibeba mabegani tukihama kiangazi, miguu yangu ikiwa imepasuka. Nilikumbuka hilo, na niliendelea kupiga nikiwa nalikumbuka. Nilikuwa nimenyanyua mchi juu ya kichwa chake.

Nakiru ndiye aliyeuzuia. Alikuwa amejivuta kwenye damu yake, ametoa kitambaa, ameushika mguu wangu. Akasema, "Basi, wifi. Usiniachie na maiti pia."

Nikaushusha mchi. Adhel alikimbia kwangu, hakujua pa kuizimia honi, akang'oa waya zote kwa mkono. Ndipo tukasikia kila mtu anavyolia.

Pikipiki mbili zilitupeleka hospitalini, sisi majeruhi wote watatu. Askari walikuja wakaandika maneno ya kila mmoja, kesi itatajwa mwezi ujao, yake na yangu pia. Sitakimbia. Nakiru alishonwa, mtoto tumboni bado anacheza. Sasa yuko kwa mama yake Lorugum.

Ulisema kwa simu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Najua, kaka. Nimeifuta sakafuni mara mbili.

Ejore hana mikono ya kujilisha, na hakuna mwingine wa kwenda. Kwa hiyo kila asubuhi nampelekea uji, namlisha kwa kijiko. Siku za kwanza alinitemea usoni. Nilikuwa najifuta, nachota tena. Juzi alimeza. Akameza hadi bakuli likaisha, macho kwenye dari. Kisha akauliza, "Ile iliyokuwa inalia ni nini?"

Nikamwambia ukweli wote, kitufe, waya, bodi, Kakuma.

Alishusha macho kutoka darini. "Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Mimi."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

Akageuza uso ukutani. Nilipokuwa natoka, akauliza bila kunitazama, "Nani mwingine anayo?"

Sikumjibu, kaka. Lakini wewe nakujibu: ploti nzima. Na Jumamosi hii kuna mama wa upande wa mto anakuja kufundishwa.

Sasa kwa kuwa baba hayupo, neno la ukoo ni lako. Nasikia watakuuliza Nakiru arudishwe au asirudishwe. Ukisema arudi, mimi nitasimama mlangoni kwa mama yake, na huu mkono mmoja unaotosha. Ukisema abaki, nitakutumia yule mbuzi pacha aliye mnono kuliko mwenzake. Hata ukinyamaza nitaelewa umesema nini.

Nisalimie watoto, Ewoi na mdogo wake. Adhel anakusalimu ingawa hamjuani. Shemeji Zuhura, wewe nakusalimu peke yako, na barua yako ya majibu niandikie kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja.

Akuj, Mungu wetu, awafunike nyote kwa kivuli na awape maji.

Dada yako akupendaye, hata ukimkataa,

Akai