Kidonge Juu ya Mizani

Champlin, Jumamosi, Oktoba 2006

Mume wangu huyu! Risasi za kuwindia kulungu anazijaza mwenyewe kwenye gereji ya hapa nyumbani, baruti anaipima punje kwa punje, eti ikizidi kidogo tu shabaha inapotea. Lakini dawa ya presha anameza siku akikumbuka. Baba yake alifariki kwa kiharusi. Naogopa.

Leo karudi kutoka kulenga shabaha na karatasi yake, matundu yote ya risasi yamekaa pamoja. Nimefurahi naye, kweli. Jioni, kabla hajaanza kujaza risasi nyingine, nimemtangulia gereji nikaweka kidonge juu ya mizani yake ya baruti.

Akakitazama. Akacheka, akakimeza bila maji.

"Mama Neema, kumbe na wewe una shabaha!"

Leo, ndiyo. Ila kidonge ni cha kila siku.